Kuondoka Bila Kuaga

Ambili alikuwa amekwisha kufungua mdomo aliposhikwa kiwiko.

Walikuwa kizingitini mwa nyumba ya msiba, yeye na Mwalimu Sainaba, na mjane alikuwa amewasindikiza hadi hapo, macho yamemwiva kwa kulia. Ulimi wa Ambili ulikuwa njiani kutamka maneno ambayo kila mtu wa Kannur, huko kusini mwa India, huyatamka anapotoka nyumbani kwa mtu, maneno aliyoyasema tangu alipojua kusema: naenda nirudi. Vidole vya Mwalimu vikambana mpaka kwenye mfupa. Akayameza yote. Wakainamisha vichwa, wakavaa ndala, wakashuka ngazi kimya, na mjane naye hakusema kitu, maana ndivyo inavyotakiwa.

Ndani ya gari dogo la kituo Mwalimu aliwasha injini kwa hasira.

"Ulitaka kurudi pale ukafanye nini? Kumlilia nani mwingine?"

"Niliteleza, Mwalimu."

"Nimeona. Mjane wa siku tatu, wewe unamwahidi kwamba utarudi! Angekufungia mlango, na mimi ningemsaidia kusukuma komeo. Nyumba ya mgonjwa unaaga, tena kwa sauti, ili ajue bado ana siku zake. Nyumba ya maiti unatoka kama kivuli. Hayo sikufundishi mimi, mwanangu. Hayo alikufundisha mama yako."

Ambili alitazama nje ya dirisha, masikio yakimwaka. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alikuwa amefanya uuguzi miaka tisa huko Muscat, amewarudisha watu waliokwisha kufunikwa shuka, na leo alikuwa anabanwa kiwiko kama mtoto wa chekechea. Njia nzima, katikati ya minazi na mabango ya vyama, alijirudia moyoni: toka kimya, toka kimya, toka kimya.

Hii ilikuwa wiki ya sita na ya mwisho ya mafunzo. Kituo chao kilikuwa cha tiba shufaa: hapo wauguzi hufundishwa kukaa na mtu ambaye dawa imeshindwa kumponya, kisha kukaa na wale atakaowaacha. Ambili alidhani angeyamaliza akiwa amefumba macho. Ziara ya kwanza ya majaribio alimwambia mwanamke aliyekuwa akilia "usilie", akafeli. Ya pili alimwahidi mama mmoja kwamba mwanawe ataiona sikukuu ya Onam, akafeli tena. Mtoto hakuiona. Leo ilikuwa ziara ya tatu, na ya nne haikuwapo.

Lakini si mtihani uliomkausha mate.

"Huyu tunayemwendea, saa kumi gari la wagonjwa linakuja kumchukua," alisema Mwalimu, akipunguza mwendo kupita daraja. "Wanampeleka hospitali ya Mangalore. Kesho watamtoboa shingo apate pa kupumulia. Ugonjwa hautaondoka, madaktari wa huko wenyewe wamesema. Labda wiki mbili tatu zaidi, kitandani kwa watu, na sauti basi tena."

"Na yeye amekubali?"

"Yeye hajaulizwa. Mwanawe amemwambia ana vidonda vya koo, anakwenda kusafishwa."

Ambili alitazama saa yake. Saa nane na nusu. Muda wa saa moja na nusu, kisha mtu atapandishwa garini akidhani anakwenda kupona, na akizinduka hataweza hata kuuliza kilichotokea.

"Tutamwambia?"

"Sisi?" Mwalimu aligeuka akamtazama juu ya miwani. "Mimi nitakaa kwenye kona na daftari langu. Nyumba ni yako. Usimmwagie ukweli kama maji ya kuoshea sufuria, na usimdanganye. Ukimwona ameacha mlango wazi, usiufunge. Basi."

*

Kila mtu mtaani, mkubwa kwa mdogo, alimwita mgonjwa huyo Kelappettan, kaka Kelappan, hata watoto waliokuwa rika la wajukuu zake. Mwanawe, Sahadevan, aliwapokea barazani. Alikuwa na miezi miwili tangu arudi kutoka Sharjah. Mtu mpana, shati limemganda mgongoni, simu mkononi kama jiwe la kurusha.

"Karibuni. Sista, kabla hujaingia, nikupe sheria ya nyumba. Baba ana vidonda vya koo. Ana nini?"

"Nimesikia, kaka Sahadevan."

"Sikuuliza kama umesikia. Sema: vidonda."

"Mimi si kasuku."

Mwalimu Sainaba alikohoa. Sahadevan alimsogelea Ambili mpaka harufu ya sabuni yake ikamfikia.

"Sikia, wewe unayefanyiwa mtihani. Ndiyo, najua, mwalimu wako aliniomba ruhusa kwa simu. Likikutoka neno jingine mbele ya baba yangu, nitakutoa kwa mkono huu. Na dawa zenu za maumivu mtabeba mwende nazo."

"Akiniuliza?"

"Hatauliza."

"Kesho akiamka na tundu shingoni, hataweza kuuliza tena. Hilo umelifikiria?"

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Hiyo ilikuwa ngumi, si swali. Uso wa Sahadevan ulibadilika. Alishusha sauti, na sauti hiyo ya chini ndiyo iliyotisha zaidi.

"Mama alikufa mimi nikiwa Sharjah nabeba mabomba. Nilifika nikakuta majivu. Huyu sitakaa nimtazame akifa mikononi mwangu kama kuku. Nitafanya kitu. Umenielewa? Kitu."

Ambili alielewa kuliko alivyotaka. Baba yake mwenyewe alikuwa kondakta wa basi. Alipougua, Ambili alimwambia kwa simu kutoka Muscat, kwa sauti ya nesi anayejua kazi yake, "Ni uvimbe mdogo tu, baba." Mzee akaenda akanunua ndala mpya za kuvaa akipona. Ndala zile zilikuwa bado rafuni nyumbani, na karatasi yake ndani.

Akavua ndala zake, akaingia.

*

Kitanda kilikuwa kando ya dirisha. Magazeti yalirundikwa sakafuni hadi usawa wa godoro, na juu ya rundo ilikaa bilauri ya chuma yenye chai nyeusi iliyopoa. Kelappettan alikuwa amebaki mifupa na macho, kitambaa kimezungushwa shingoni, lakini macho yale yalimkagua Ambili kuanzia nywele hadi kidole gumba cha mguu.

"Mpya," alisema. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayochanwa polepole. "Ndiye wa mtihani?"

"Ndiye mimi, Kelappettan."

"Ukifeli?"

"Nitarudi hospitalini kupima mikojo ya watu."

Kifua cha mzee kilitikisika. Kilikuwa kicheko. Ambili alivuta kigoda akaketi, uso wake chini ya uso wa mgonjwa, kama walivyofundishwa. Akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda wiki zote sita, lakini safari hii aliuma meno akanyamaza. Kwenye kona, kalamu ya Mwalimu ilianza kukwaruza. Mlangoni Sahadevan alisimama, mikono kifuani.

"Unajua nilifanya kazi gani?" mzee akaanza mwenyewe. "Karakana ya bidi, zile sigara ndogo za majani. Watu mia wamekaa sakafuni, vidole vinasokota majani na tumbaku, masikio hayana kazi. Basi mmoja anachaguliwa kuwasomea gazeti, na wenzake wanamsokotea fungu lake. Miaka thelathini na moja nimesoma mimi." Akapumzika; pumzi ilipita kooni ikipiga filimbi. "Msomaji anajifunza jambo moja, binti. Yaliyoandikwa, kila mtu anayasikia. Kazi ni kusikia lililorukwa. Mhariri akiogopa kitu, hukizunguka. Mimi nilikuwa nasimamisha kusoma, nawaambia: jamani, hapa pana shimo."

"Na siku hizi, Kelappettan, unasikia mashimo?"

Mzee alimtupia jicho mwanawe mlangoni.

"Niambie wewe. Huko Mangalore, wananipeleka kufanyiwa nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Ambili aliuona ulivyokuwa wazi, upana wote. Akavuta pumzi.

"Kelappettan, wewe mwenyewe umeelewa..."

"Baba, usilichoshe koo," Sahadevan aliruka ndani. "Sista amemaliza."

"Sijamaliza."

"Umemaliza, nimesema!" Alikwisha kunyakua mkoba wa dawa wa Ambili, akamsukumia kifuani. "Asante kwa kuja. Gari linakaribia, baba anatakiwa kuvaa."

Damu ilimpanda Ambili kichwani. Alimtazama Mwalimu, Mwalimu alikuwa amekwisha kufunga daftari na kusimama. Nyumba ni ya wenyewe, walifundishwa hilo pia: ukifukuzwa, toka. Basi aliinuka. Hasira ilikuwa imemziba masikio, na ndani ya kichwa kilichozibwa kulikuwa na wimbo mmoja tu, ule wa garini, toka kimya, ukizunguka wenyewe. Akaunganisha viganja kifuani. Akainamisha kichwa. Akatoka, akavaa ndala, akaanza kushuka ngazi.

Alikuwa ngazi ya tatu aliposikia chuma kikigongwa kwa nguvu. Ngo. Ngo. Ngo.

"Mwiteni," ikaja ile sauti ya karatasi. "Mwiteni sista."

Alirudi hadi mlangoni. Kelappettan alikuwa amejiinua kwa kiwiko kimoja, bilauri mkononi, chai imemwagika juu ya magazeti.

"Sista. Nani amekufa humu?"

Mzee alimkazia macho Ambili.

"Nilikuwa nangoja neno lako la kuaga. Halikuja. Umetoka kama mtu anayetoka msibani. Nauliza: nani amekufa humu ndani?"

Hapo ndipo Ambili alipojua alilolifanya. Alikuwa ameingia nyumba ya mtu aliye hai na kutoka kama anatoka kwa maiti, mbele ya mtu ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kusikia neno lililorukwa.

"Amesahau!" Sahadevan alipiga kelele. "Baba, amesahau tu! Ni mwanafunzi, hajui kitu. Mwambie, sista! Mwambie umesahau!"

Na ni kweli alikuwa amesahau. Ndiyo iliyokuwa balaa. Neno moja, tena la kweli, lingemwokoa: nimesahau. Mzee angejilaza, gari lingekuja, Sahadevan angemshukuru, labda hata Mwalimu asingekuwa na la kuandika. Alimtafuta Mwalimu kwa macho. Mwalimu alikuwa anatazama mnazi nje ya dirisha, kana kwamba hajawahi kuona mnazi.

Ambili aliziona moyoni zile ndala za baba yake rafuni, na karatasi yake ndani.

Akaingia, akaketi kwenye kigoda.

"Nimesahau kuaga, Kelappettan. Hilo ni kweli na ni kosa langu, nisamehe. Lakini sitajificha nyuma yake. Kabla sijatoka uliniuliza swali, nami sikulijibu. Bado unataka tulizungumze?"

"Sista!" Sahadevan alimkamata bega. Vidole viliingia.

"Mwache," mzee alisema.

"Baba..."

"Mwache nimesema! Au unataka nipige kelele? Nikipiga kelele nitakufa sasa hivi, uharibikiwe."

Mkono ulitoka begani polepole. Ambili hakugeuka.

"Tuzungumze kaka Sahadevan akiwepo?"

"Hasa akiwepo."

"Basi nianze na lile nililolikatisha. Wewe mwenyewe umeelewa nini kuhusu ugonjwa wako?"

Umeme ulikuwa umekatika bila mtu kugundua. Feni ilikuwa imesimama, na pumzi ya mzee ilisikika chumba kizima. Ambili alihesabu filimbi zake: nane, tisa, kumi. Kila moja alitaka kuijaza kwa maneno. Hakuijaza.

"Kannan," mzee alisema mwishowe.

"Kannan ni nani?"

"Jirani. Mwanachama wa kile chama cha wapumbavu. Miaka arobaini tunagombana, juu ya uchaguzi, juu ya barabara, juu ya bei ya mchele. Mwezi uliopita akaja, akakaa hapo ulipokaa. Nikamwambia upuuzi, makusudi kabisa, nimjaribu. Nikasema chama changu hakijawahi kukosea hata siku moja." Akatafuta pumzi. "Akasema, 'Kweli kabisa, Kelappa.' Kweli kabisa! Kannan! Nikajua papo hapo kwamba nakufa."

Kicheko kilimponyoka Mwalimu Sainaba kwenye kona, akakifunika kwa ncha ya shela yake. Ambili hakucheka. Alikuwa anamsikiliza Sahadevan nyuma yake, ambaye pumzi yake ilikuwa imeanza kukatika.

"Ulijua?" Sahadevan alisema. "Mwezi mzima ulijua? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unadanganya kwa bidii sana, mwanangu. Sikutaka kukuharibia kazi."

"Baba, Mangalore wanaweza..."

"Sikuulizi wewe. Namwuliza huyu wa mikojo." Macho yalirudi kwa Ambili. "Wanakwenda kunifanya nini?"

Ambili alisema kidogo kidogo, akisimama kila baada ya sentensi kumtazama kama anataka nyingine. Watatoboa hapa chini ya koo, upate pa kupumulia. Ugonjwa wenyewe hautaguswa. Unataka niendelee? Sauti haitatoka tena.

"Na nikibaki?"

"Kutakuwa na siku ambazo pumzi itakuwa ngumu. Sikufichi. Zipo dawa za kuilegeza, na sisi tutakuja. Ni siku ngapi, sijui, wala sitakuahidi."

Nje honi ikalia. Mara mbili. Kulikuwa na sauti ya matairi juu ya kokoto, mlango wa gari ukafunguliwa, machela ikaburutwa. Saa kumi kasoro kumi.

Kelappettan alinyoosha mkono, si kwa Ambili. Kwa mwanawe.

"Nimebakiwa na sauti hii ndogo, Sahadeva. Sitaki nikaiache Mangalore."

Sahadevan hakuushika mkono. Aligeuka akatoka, na hatua zake zikapiga ngazi moja baada ya nyingine. Ndani walibaki watatu wakisikiliza. Alisema kitu, dereva akajibu kwa ukali. Machela ikaburutwa tena, na Ambili alishindwa kujua inaburutwa kuja au kwenda. Kisha injini ikanguruma, kokoto zikalia, na mngurumo ukawa unapungua hadi barabara kuu.

Aliporudi alisimama kizingitini, uso umelowa, akamnyooshea Ambili kidole.

"Umeniulia baba yangu."

Ambili alikuwa na majibu. Alikuwa nayo kumi, yote makali, yote ya haki, na kila moja lingemkata pale pale aliposimama. Akayaacha. Aliinuka, akakisogeza kigoda karibu na kitanda, akakiacha wazi.

Sahadevan alikitazama kigoda kana kwamba hajui ni kitu gani. Kisha akakaa kwa ghafla, kama mtu aliyekatwa magoti.

"Gazeti la leo," mzee alisema, akilivuta lile lililomwagikiwa chai, "hakuna aliyenisomea."

Ambili alichukua mkoba. Kizingitini aligeuka, akaunganisha viganja, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Kelappettan, naenda nirudi. Alhamisi, saa tatu asubuhi."

Mzee alimpima kwa macho. "Ukinikuta, ingia."

"Ndiyo."

"Usiponikuta..."

"Nitaondoka kimya."

"Naam," akasema Kelappettan. "Sasa umejua tofauti."

*

Garini Mwalimu hakuwasha injini. Alifungua daftari kwenye usukani.

"Nimeandika: alijibizana na mwana wa mgonjwa barazani. Nimeandika: alisahau kuaga."

"Nimefeli, basi."

"Sijamaliza kuandika. Mstari wa mwisho nitauandika Alhamisi, nikiona kama yule kijana atakufungulia. Mtu aliyeambiwa ukweli halafu akafungiwa nje na walio wake hakusaidiwa. Ukimvunjia mwenye nyumba mlango, umefanya nini?"

Siku mbili Ambili hakula vizuri. Kila simu ya kituo ilipolia alisimama.

Alhamisi mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri. Mwalimu alibaki garini. Alisema magoti yanamuuma. Ambili alipita uwanjani peke yake, mwavuli umepinduka, akafika chini ya ngazi na kusimama. Mlango ulikuwa umerudishwa. Hapakuwa na viti vilivyokodiwa, wala turubai, wala ndala nyingi barazani. Lakini hapakuwa na sauti pia, ni mvua tu juu ya vigae, na akawaza kwamba huenda imekuwa leo hii, saa hii, hata turubai haijafika. Akajitayarisha kugeuka bila neno.

Ngo.

"Baba, sikuruka!"

Ngo, ngo.

"Haya, haya. Narudia. 'Waziri alikataa kujibu...' Hilo? Hilo ndilo ulilotaka? Limo, nimelisoma!"

Ngo.

Alipanda ngazi. Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga. Sahadevan alisimama na gazeti kwapani, ndevu za siku mbili, macho mekundu. Hakumsalimu. Alimtazama kichwa hadi miguu, akatazama ndala alizokuwa anazivua ngazini, na maji yaliyokuwa yanatiririka kuzifuata.

"Ziingize ndani," alisema. "Pale zitachukuliwa na mvua."